Pumzi kwa Noti Ishirini na Nne: Kumuaga Bi. Arlys Kopecky

Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Arlys Kopecky atafunga mlango wa Ofisi ya Maveterani ya Kaunti ya Lodell, hapa Nebraska, baada ya kuufungua kila asubuhi kwa miaka thelathini na miwili na miezi miwili. Ana umri wa miaka sitini na mitano. Sisi wa ofisi ya karani wa kaunti, tuliotenganishwa naye kwa ukuta mmoja mwembamba, tumepewa heshima ya kumwandikia wasifu huu na kuusoma mbele yenu, na tumeahidi kutosimulia kila kilichopenya ukuta huo.

Bi. Arlys aliajiriwa Septemba 1993 kama mpiga chapa, akitokea kwenye mizani ya nafaka ya ushirika wa wakulima. Alikuta meza moja, makabati mawili ya majalada na kalenda ya kampuni ya mbegu iliyoonyesha sikukuu za serikali na tarehe za kupanda mahindi. Kwa kalamu zake za rangi alianza kuijaza. Kufikia mwaka wa pili haikubaki wiki isiyo na alama. Kijani kilikuwa cha maadhimisho ya majeshi, buluu ya siku za bendera, nyekundu ya walioanguka vitani, na zambarau ya miezi ya urithi wa jamii mbalimbali, ambayo kabla yake kaunti hii iliiona kwenye televisheni tu.

Februari, mwezi wa historia ya Wamarekani Weusi, alipanga kwenye ukumbi wa mahakama nakala za hati za askari watatu Weusi wa kikosi cha farasi waliozikwa kilimani kwetu, na mwaka 1999 akawapata wajukuu wao huko Omaha. Juni 14, Siku ya Bendera, aliongoza uchomaji wa heshima wa bendera zilizochakaa, kisha akahakikisha soseji za kikosi cha zimamoto zinachomwa kwenye moto mwingine kabisa, maana mwaka 1996 palitokea sintofahamu ambayo hataki itajwe. Ijumaa ya tatu ya Septemba, siku ya mateka wa vita na askari waliopotea, aliandaa meza ndogo yenye kiti kitupu, glasi iliyofunikwa kifudifudi, kipande cha limau kwa uchungu wao na chumvi kidogo kwa machozi ya wanaowangoja. Meza hiyo haijawahi kukosa ua waridi, hata mwaka ule ambapo mvua ya mawe iliangamiza kila bustani na waridi likaletwa na basi kutoka Lincoln. Na Oktoba, mwezi wa urithi wa Walatino ulipokuwa katikati, korido yetu ilinukia tamale, unga wa mahindi na nyama uliopikwa ndani ya maganda, za akina mama wa mtaa wa kiwanda cha nyama, zikashindana na vikate vya plamu vya akina mama wa Kicheki. Bi. Arlys, ambaye ni Mcheki kwa baba na kwa mama, alikula vya pande zote mbili na hajawahi kutangaza mshindi.

Mwisho wa Mei, Siku ya Kuwakumbuka Walioanguka, bendera hupepea nusu mlingoti hadi saa sita mchana, kisha hupandishwa hadi juu. Bi. Arlys hakuamini saa ya mtu mwingine yeyote. Saa sita kasoro dakika mbili alikuwa kwenye simu: benki, posta, shule. Mwuza magari mmoja mwenye bendera kubwa kuliko paa la duka lake aliwahi kumlalamikia: “Dada Arlys, hii kitu ina uzito wa ndama, na mgongo wangu ndio huu unaoujua.” Akajibiwa: “Walioko kilimani hawana hata mgongo wa kuumia. Vuta kamba, kaka.” Akavuta.

Lakini lililomfanya Bi. Arlys kuwa Bi. Arlys lilianza kwa aibu, asubuhi moja ya Februari 2008.

Siku hiyo alizikwa Bw. Norbert Hladky, mkulima aliyepigana Korea. Sheria inampa kila askari wa zamani bendera iliyokunjwa na wito wa mwisho, zile noti ishirini na nne za tarumbeta. Kwa kuwa wapigaji ni wachache nchini, inaruhusiwa kutumia tarumbeta iliyofichwa kifaa cha kielektroniki ndani yake: mtu anabonyeza kitufe, anaiweka mdomoni, na rekodi inalia. Baridi ilikuwa kali mno, na betri ikagoma. Mjitolea akasimama na tarumbeta mdomoni kwa sekunde arobaini za ukimya. Hatimaye akaishusha, akiwa mwekundu kama nyanya, akageuka kurudi mstarini. Hapo ndipo ikaanza kulia, ikiwa imening’inia kwenye paja lake.

Baadhi ya waombolezaji walicheka, kwa namna watu wanavyocheka wanapotaka kulia. Mjane, Bibi Ludmila Hladky, hakucheka. Alimshika Bi. Arlys mkono, akamwuliza bila hasira yoyote: “Mwanangu, kaunti nzima hii, hata pumzi ya mtu mmoja haikupatikana?”

Wiki iliyofuata Bi. Arlys alinunua tarumbeta. Alikuwa na miaka arobaini na minane na hakuwahi kupiga ala yoyote isipokuwa kengele ya mezani. Alimwendea marehemu Bw. Orville Tenpas, mwalimu mstaafu wa bendi ya shule, ambaye mapafu yake yalikuwa yamekwisha kiasi kwamba alifundisha kwa kugonga fimbo sakafuni. “Usipulize kwa mashavu, Arlys,” alimwambia. “Mashavu ni ya kula. Toa huku chini, tumboni.” Mkewe mwalimu akavumilia majuma matatu, kisha akawatoa wote wawili jikoni mwake, pamoja na fimbo.

Mazoezi yakahamia kwenye ghala la idara ya barabara, lile la duara linalohifadhi chumvi ya kuyeyushia barafu, ambamo sauti huzunguka na kumrudia mtu mwenyewe. Kila siku, wakati wa chakula cha mchana, Bi. Arlys alisimama mbele ya mlima wa chumvi na kupuliza. Bw. Delbert Kruse, msimamizi wa barabara na baharia wa zamani, alipita kwa makusudi, akidai amesikia ng’ombe anayezaa.

“Arlys, yule ndama amezaliwa, au bado anasumbua?”

“Amezaliwa, Delbert. Ana sura yako.”

Miezi kumi na mitano walijibizana hivyo. Mwezi wa mwisho Bw. Delbert aliacha kupita. Vijana wake wanasema alikuwa akila mkate wake nyuma ya ghala, kofia magotini.

Mei 25, 2009, kwenye kaburi la Bw. Norbert, Bi. Arlys alipiga wito wa mwisho kwa mara ya kwanza. Noti ya juu ikakatika.

“Imekatika,” akasema Bibi Ludmila.

“Nimeisikia, mama. Naomba unisamehe.”

“Nikusamehe nini? Norbert mwenyewe kanisani hakuwahi kuifikia noti yoyote ya juu. Angefurahi kupata mwenzake.” Kisha akaongeza: “Na mimi utanipigia. Ila endelea kujifunza, muda ninao.”

Watu walidhani anatania. Lakini miezi michache kabla, alipokuwa akimjazia fomu za mjane, Bi. Arlys aliinua kichwa na kumwuliza alikuwa wapi mwaka 1951. “Pusan, huko huko Korea,” alijibu Bibi Ludmila. “Nilikuwa muuguzi wa jeshi. Nilifunga vidonda mpaka vidole vikasahau kazi nyingine.” “Mbona hukusema miaka yote hii?” “Hakuna aliyeniuliza.” Siku hiyo fomu ya pili ilijazwa, na tangu hapo kila Machi, mwezi wa historia ya wanawake, Bibi Ludmila amezungumza na watoto wa shule, akiwakemea wanaotafuna ubani. Alikuwa na haki yake ya noti ishirini na nne, na alikuwa ameahidiwa pumzi ya mtu.

Kwa miaka kumi na sita Bi. Arlys alisimama kwenye makaburi mia tatu themanini na tisa, katika theluji, vumbi na nzige. Hakuna familia iliyorudi nyumbani na rekodi.

Machi mwaka huu aliamka na upande wa kushoto wa uso umelegea. Madaktari walisema ni neva, si kiharusi, na tunamshukuru Mungu kwamba sehemu kubwa ya uso imerejea. Midomo haikurejea vya kutosha. Inatosha kwa kahawa na kwa kumjibu Bw. Delbert, kwa tarumbeta haitoshi. Alichofanya siku ya tatu, akiwa bado anazungumza kwa shida, ni kwenda kwenye nyumba ya wazee na kukaa mbele ya Bibi Ludmila, sasa mwenye miaka tisini na sita, kumweleza kwamba ahadi hataweza kuitimiza.

Bibi Ludmila alimfuta machozi kwa leso yake mwenyewe. “Basi siwezi kufa mwaka huu,” akasema. “Umeniharibia ratiba. Tafuta mtu, halafu umlete hapa. Nitamsikiliza mwenyewe.”

Tangazo lilitoka gazetini. Wakajitokeza watano, na Bi. Arlys, asiyeweza tena kupuliza hata noti moja, akawafundisha kwa kuimba na kwa kugonga kiatu sakafuni, kwenye lile lile ghala la chumvi, msimu mzima wa joto. Mwezi Septemba akawapeleka kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba ya wazee, na Bibi Ludmila akaagiza kiti chake cha magurudumu kigeuzwe kiwaelekee.

Daktari wetu wa meno alitangulia. “Wewe unapuliza kama unaogopa kumwamsha mgonjwa,” aliambiwa. Karani wa benki akafuata: “Mwanangu, hiyo ni pumzi ya kuzimia mishumaa ya keki.” Wawili wa bendi ya kanisa walisifiwa kwa viatu vyao. Wa mwisho alikuwa Bi. Marisela Ontiveros, mkaguzi kwenye kiwanda cha nyama, mwenye miaka arobaini na mmoja. Alipofika kwenye noti ya juu, ilimponyoka. Hakujitetea. Alishusha tarumbeta, akavuta pumzi, akaanza upya tangu noti ya kwanza, akamaliza. Vijiko vyote ukumbini vilikuwa vimetulia.

“Nani kakufundisha kusimama hivyo?” akauliza Bibi Ludmila.

“Jeshi, mama. Niliendesha malori Mosul, kule Iraki.”

“Na mbona Novemba, wakiitwa waliotumikia jeshi, sijakuona ukisimama?”

Bi. Marisela alitazama chini. “Nilikuwa dereva tu, mama. Nilidhani wanaitwa wale wengine.”

Waliokuwapo wanasema hapo Bi. Arlys alipauka. Miaka kumi na miwili mama huyu ameishi mitaa sita kutoka ofisini kwake, na jina lake halikuwa kwenye jalada lolote. Akafungua mkoba, akatoa fomu, maana Bi. Arlys hutembea na fomu kama wengine wanavyotembea na dawa ya kikohozi, akaijaza pale pale juu ya meza ya supu.

“Huyu,” Bibi Ludmila akaamua. “Lakini wale wanne wasiende. Delbert naye atakufa siku moja.”

Nambari za simu za wote watano zimebandikwa sasa kwenye mlango wa ofisi, na tangu Septemba wamekwisha kusimama kwenye mazishi manane. Bibi Ludmila, aliye nasi hapa mstari wa mbele, ametuagiza tuandike kwamba hana haraka.

Jumanne iliyopita, Siku ya Maveterani, tulikusanyika kama kawaida kwenye ngazi za mahakama. Waliotumikia walipoitwa, Bi. Marisela alikuwa tayari amesimama, na jina lake likasomwa. Kisha akapiga. Wengi wetu tulimtazama yeye. Waliokuwa karibu na kiti cha Bibi Ludmila walimtazama Bi. Arlys. Mpiga tarumbeta hapigi saluti wala haweki mkono kifuani. Mikono yake ina kazi. Kwa miaka kumi na sita, katika kila saa ya kuaga, Bi. Arlys alikuwa mtu pekee miongoni mwetu ambaye hakupata nafasi ya kuaga. Jumanne, noti ya kwanza ilipopanda, mikono yake ilizunguka kidogo hewani kama inayotafuta kitu. Kisha ule wa kulia ukaenda wenyewe kifuani, ukatulia hapo mpaka mwisho. Noti ya juu ilifika salama. Bi. Arlys alilia wazi wazi, kwa pande zote mbili za uso.

Bi. Arlys, kwa niaba ya kaunti, ya familia mia tatu themanini na tisa, na ya wale wa kilimani wasioweza kuandika barua, tunakushukuru. Ulitutunzia mwaka mzima, siku kwa siku, ili pasiwe na jina litakalopita bila kutajwa. Pumzika sasa, usingizi wa asubuhi ni haki yako. Tunakuombea afya, meza yenye wageni, na miaka mingi ya kusimama pamoja nasi upande wa wasikilizaji.