Ndugu Yordani Mdoe, Aliyekagua Mashamba Mvua Ikinyesha

Kosa la wengi ni kumpima bwana shamba kwa matuta yaliyochimbwa. Tuta huchimbwa kiangazi, lakini hujulikana masika. Ndugu Yordani Mdoe, anayestaafu leo tarehe 31 Machi 1976 baada ya miaka ishirini na mitatu ya utumishi, alilijua hilo kabla ya wakubwa wake.

Mzaliwa huyu wa Kang'ata aliajiriwa mwaka 1953 kushika mnyororo wa kupimia matuta ya lazima ya mkoloni, yale ambayo watu wa Vugiri waliyafukia kwa vigelegele ulipokuja Uhuru. Kwa hiyo alipopanda tena kilimani Vugiri mwaka 1968, safari hii akiwa na fomu za ruzuku ya serikali kwa mkulima atakayehifadhi udongo wake, akina mama walimpokea kwa kicheko: "Bwana Tuta, umerudi! Kiboko umekiacha wapi?" Alisema kimeliwa na mchwa, akaomba maji ya kunywa.

Kanuni ya ruzuku ilitaka tuta la kuchimbwa, kina futi mbili. Mdoe aliongeza sharti lake: hasaini mpaka atembee shambani mvua ikinyesha. Alijifunika gunia kichwani, suruali ameikunja magotini, akifuata maji yanakokwenda. Wakulima walinung'unika, na si bure. Wapo waliongoja miezi mitano. Sisi ofisini tulichoka kuanika fomu zake juani.

Mwaka 1970 mjane mmoja, Mama Efrazia, hakuwa na wa kumchimbia. Alipanda mistari ya majani ya mabingobingo kwa kukinga mteremko, yaani kuukatiza. Majirani wakamtania: "Mwenzetu, chakula cha ng'ombe unacho, ng'ombe yuko wapi?" Masika yalipofika, matuta ya majirani wawili yalipasuka. Kwake maji yalifika kwenye majani, yakapunguza mwendo, yakaacha udongo. Niwaeleze vijana: maji yanayokimbia hubeba shamba, yanayotembea huliacha.

Mdoe akasaini. Fomu ikarudishwa na wakubwa, pamoja na onyo: majani si tuta, na atakayerudia ajitafutie kazi nyingine. Alikuwa na watoto sita. Akasaini tena, akaipeleka mwenyewe, na akarudi na mkaguzi. Mvua ikawakuta shambani. Mkaguzi aliacha kiatu kwenye tope la jirani. Alipovuka mstari wa mabingobingo, mguu ukapata mahali pa kukanyaga. Akaazima kalamu ya Mdoe, akaidhinisha palepale. Kwa ruzuku hiyo Mama Efrazia alinunua mtamba, ng'ombe yule majirani waliyemuulizia. Tangu hapo majani yanakubalika wilayani kwetu sawa na tuta.

Mwaka huu fungu la ruzuku halikuja. Hilo ndilo linalomsumbua Mdoe: watu wasije wakasema malipo yamekwisha, basi na majani yang'olewe. Ruzuku ilikuwa ya kukuanzisha tu, ndugu mkulima. Udongo unaobaki ni wako, na mvua haiulizi kama umelipwa.

Ndugu Mdoe, ahsante kwa masika yote uliyolowa kwa ajili yetu. Rudi Kang'ata kwa amani, na uzee wako uwe mkavu.

Nanyi mliokuja kumuaga: Mama Efrazia ameleta vipando vya mabingobingo, viko mlangoni. Kila mmoja achukue kimoja, akakipande leo, kwa kukinga mteremko.