Joka la Njia ya Walikale

Kijiwe cha Ngungu, huko Masisi, kipo pale barabara ya soko inapokutana na njia ya miguu inayoteremka magharibi, kuelekea Walikale. Benchi lenyewe ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya magurudumu mawili ya Fuso yaliyokufa zamani, na anayekaa katikati hujikuta chini kuliko wenzake, hata kama ana cheo. Pembeni anakaa Mama Athanasie na chupa zake mbili za kahawa, moja ya sukari, moja ya watu ambao daktari amewakataza kila kitamu. Mbele kuna kreti ya bia iliyopinduliwa, na juu ya kreti kuna daftari, kalamu, na kete mbili za ludo, zile za nukta moja mpaka sita. Ukiona kreti imefunikwa na shuka, ujue siku hiyo habari ni mbaya kuliko mchezo. Alasiri hiyo shuka ilikuwa imefunuliwa nusu.

Mchezo ulikuwa wa Raphaël. Alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka vita vilipoleta wakimbizi ndani ya madarasa, akabaki na chaki mfukoni na hana pa kuandika. Alijifunza mchezo huo shule ya bweni Bukavu, kwa Frère mmoja, mtawa mzungu aliyechoshwa na mvua. Mtu mmoja anasimulia nchi isiyokuwepo, yenye mapango na majitu. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya nchi hiyo, aliyeandikwa kwenye karatasi, na anasema mtu wake atafanya nini. Penye shaka, kete huamua. Msimulizi huitwa bwana wa mchezo, na kwa Kifaransa cha shule ndiyo Metre. Jina likamganda Raphaël.

Frère alikuwa amesema kwamba wachezaji wakiona pango huingia wakapigana. Hakuwahi kucheza na watu wa Masisi. Wa Ngungu hawaingii pangoni. Wanauliza kwanza nani anailinda njia, wako wangapi, wamekula au wana njaa, na kama hakuna kijia cha kupitia shambani. Katembo, mfanyabiashara kutoka Butembo, alikuwa na shujaa mwenye upanga mrefu. Kwa miaka miwili upanga ule haukutoka alani, na shujaa alikuwa amefungua duka la chumvi kwa majitu. Théoneste, ambaye aliacha seminari mwaka wa tatu akaitwa Seminari mpaka leo, alikuwa na mchawi anayeogopa uchawi wake mwenyewe.

Sasa, miaka ile hakuna aliyetaja majina ya wenye bunduki barabarani. Ukitaja jina mchana, jioni unapata wageni. Metre, ili nchi yake iwe na uhai, alianza kuitia habari alizosikia kwa madereva wa Katembo: daraja hili limekatwa, kule kuna moto. Njia ya magharibi akaiwekea joka mahali pa wenye bunduki. Haukupita muda, nyuma ya benchi wakaanza kusimama watu wasiocheza, wanawake na vikapu vyao, wakisikiliza kimya na kuondoka. Metre akisema joka limehama, kesho yake utaona familia tatu zimerudi kulima. Aliliona jambo hilo, na tuseme kweli, lilimfurahisha. Mwalimu asiye na darasa alikuwa amepata darasa.

Siku hiyo ilikuwa ya kumi na mbili tangu Ndagijimana, mchezaji wao wa tatu, aondoke kwa njia hiyo. Karatasi yake ilikuwa juu ya kreti, imekandamizwa na jiwe.

— Metre, anza basi, akasema Katembo. Zamu iko ya nani?

Wote walijua zamu ilikuwa ya nani.

— Turuke, Katembo akaendelea. Akirudia atacheza mara mbili.

— Hapana, akasema Seminari. Asiyekuwepo na lake halipo.

— Théoneste, akasema Mama Athanasie, hiyo methali inasema turuke. Na wewe iko unasema tusiruke.

— Methali iko na mbele na nyuma, Mama.

— Basi, tumutupie kete siye wenyewe, akasema Katembo. Mutu wake iko anasimama ku mulango ya pango tangu siku kumi na mbili. Atapata baridi.

— Nani atatupa? Wewe?

Katembo akaiangalia kete kama vile ni kaa la moto, kisha akairudisha mikono yake kwenye mapaja.

— Mimi hapana. Kama ikitoka mbaya, watasema ni mimi.

Metre alikuwa amekaa katikati, chini kuliko wenzake, na kahawa yake imepoa bila kuguswa. Tangu siku ya tano alikuwa halali vizuri. Kila aliyepanda kutoka bondeni alimtazama mpaka ajue ni nani.

— Ndagijimana iko muzima, akasema Katembo. Mimi najua Omate, kule ku mashimo ya madini ya Walikale. Kule hakuna rezo. Ukitaka kupiga telefone unapanda mulima saa mbili, unafika, batiri imekufa.

— Siku kumi na mbili batiri imekufa?

— Basi amepata kazi. Alienda kuchukua ndugu yake mukubwa, ile Dusabimana mwenye shimo lilimuvunja muguu. Amekuta shimo iko wazi, ameingia mu nafasi yake. Mwanaume haache shimo wazi.

— Hapana, akasema Seminari, akisogea mbele. Amepata jiwe.

— Jiwe gani?

— Jiwe. Kama kichwa ya mbuzi. Mutu akipata jiwe ya vile hapigi telefone. Analala juu yake, anajifanya mugonjwa, anaota ndevu mpaka hata bibi yake asimujue. Kimya kingi kina mushindo mukubwa. Muwe na amani.

— Hiyo mushindo njo tunaogopa, akasema Mama Athanasie.

— Mimi nasema iko Goma, akasema Katembo, ambaye hakupenda kupitwa. Kule Walikale ndege ndogo zinatuaka mu barabara, zinakuya kuchukua mawe. Amemulaza mukubwa wake kati ya mifuko, na yeye akalala, wakafunga mulango. Sasa iko Goma, anazunguka, anapata haya ya kusema alipanda ndege bila kulipa.

— Kama ni ndege, haikusimama Goma, akasema Seminari. Ilipita. Iko Kisangani. Ameshuka mu mtumbwi, mto umemubeba. Kwa sasa anafika Kinshasa, anavaa miwani, anasema Lingala.

— Na muguu ya Dusabimana?

— Imepona. Kule kuna wadaktari.

Mama Athanasie alikuwa anapangusa vikombe ambavyo tayari vilikuwa vikavu. Akasema polepole, bila kumtazama yeyote:

— Ao wamemubebesha mizigo.

Kila mtu alijua wanaume waliokutwa njiani hubebeshwa mizigo ya wenye bunduki mpaka wachoke, na hakuna aliyetaka kusema nini huja baada ya kuchoka.

— Tuombe, akasema Seminari kwa sauti ndogo. Dua ya kuku haimupate mwewe.

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumsahihisha.

— Lakini njia ilikuwa wazi, akasema Katembo. Joka ililala. Hiyo habari ilikuwa ya kweli, si vile? Théoneste, wewe uliipata ku mission.

— Mimi? Mimi nilijua imetoka kwa dereva yako.

— Dereva yangu alikuwa Sake juma mbili, gari imekufa.

Wakageuka kumtazama Metre. Metre akainama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

Hebu tumseme, maana mwenyewe alikuwa hajathubutu. Siku ile Ndagijimana alipoondoka, madereva hawakuwa wamekuja. Nyuma ya benchi walisimama watu zaidi ya ishirini, na mmoja akauliza, Joka inafanya nini? Metre hakuwa na habari hata chembe. Angeweza kusema sijui. Neno hilo mwalimu hulipata kwa shida. Mchezo unamruhusu bwana wake kutupa kete kwa siri, akiificha kwa kiganja. Akatupa, akachungulia, akasema: Joka limelala. Katika nchi isiyokuwepo lilikuwa jibu halali kabisa. Ndagijimana akasimama palepale, akasema mulinde zamu yangu, akaenda kufunga mzigo. Metre alimwona akienda. Angeweza kumwita. Watu walikuwa wanamtazama kwa heshima, akaona haya kuivunja.

Sasa mwanamke alikuwa anakuja kutoka upande wa soko, mkeka na sufuria vimefungwa mgongoni kwa kitenge. Alikuwa Uwamariya, mke wa Ndagijimana. Hakuwahi kufika kijiweni. Mchezo wa mumewe aliuita kazi ya wasio na shamba. Akasimama mbele ya kreti.

— Muko wazima, ba papa. Mama Athanasie.

— Wazima, dada. Karibu kahawa.

— Aksanti, sitakaa. Nalala hapa soko, kesho asubui naenda.

— Unaenda wapi? akauliza Katembo, ingawa mzigo ulikuwa umekwisha kusema.

— Omate. Watoto nimewaacha Muheto, kwa mama yangu. Akamgeukia Metre. Mwalimu, nimekuya kukuuliza weye. Ile joka ya njia ya Walikale, ingali imelala?

Katembo akakohoa. Seminari alitafuta methali na kwa mara ya kwanza hakupata hata moja.

Metre angeweza kusema limeamka. Mwanamke angebaki, na siri ingebaki ya Metre peke yake. Alikwisha kulipanga neno hilo ulimini. Lakini akamwona jinsi alivyokuwa anasubiri, amenyoosha shingo kidogo chini ya mzigo, tayari kuamini chochote atakachoambiwa, na siri ya siku kumi na mbili ikamshinda kuibeba.

— Dada Uwamariya, sijui. Usiende. Hata siku ile sikujua. Hakuna mutu aliniambia. Nilitupa kete.

— Kete?

— Hii hapa. Nilitupa, nikasema imelala.

Mama Athanasie akaweka kikombe chini. Katembo aliinuka nusu, akakaa tena.

— Metre, mimi niliambia watu wa duka yangu, akasema. Wote. Na nilisema ni hakika.

— Mimi nilisema misa ilipoisha, akasema Seminari. Nilisimama ku mulango ya kanisa.

Uwamariya hakulia, wala hakumtukana mtu. Aliitazama ile kete ya ludo, ndogo, pembe zake zimelika kwa kutumika. Alionekana kama mtu anayejaribu kuelewa kitu kinavyofanya kazi.

— Ilitoka ngapi? akauliza.

— Nini, dada?

— Siku ile. Uliitupa, ikatoka ngapi? Nataka nijue bwana yangu alifwata hesabu gani.

Metre alikumbuka kila kete ya mchezo ule kwa miaka miwili. Alikumbuka tano iliyovunja daraja la majitu, na moja iliyompofusha mchawi wa Seminari kwa mwezi mzima. Akazitafuta nukta za siku ile chini ya kiganja chake. Aliona nne, kisha akaona sita, kisha akaona watu waliokuwa wanamtazama, na chini ya mkono hapakuwa na kitu.

— Papa Katembo, akasema Uwamariya, wewe uliiona?

— Aliifunika, dada. Hatukuona.

Uwamariya akaulegeza mzigo, akautua chini polepole, akasimama pale mbele ya kreti akimsubiri mwalimu akumbuke.