Mkalimani Aliyeachwa Barazani

Baraza letu la Sokomuhogo lina sheria moja: mwenye kuleta tatizo hunywesha watu kahawa. Ndiyo maana hatujapata kumrudisha mtu na tatizo lake, wala sikumbuki siku tuliyokiri kwamba jambo limetushinda. Tamim hutengeneza televisheni za rangi, kwa hivyo tunamwita Bwana Rangi. Shaame Tangi husukuma maji ya maghorofa ya Michenzani, siku ambazo umeme upo. Mazin huwatembeza Wataliani mjini na kuwatafsiria. Mimi kazi yangu ni kusikiliza, na siifanyi vibaya. Alasiri moja ya mwaka 2004 alitujia Ayoub wa maabara, amekumbatia kompyuta ya mkononi ya ofisi kama mtoto mwenye homa. Alimwashiria Makungu muuza kahawa atuzungushie sote, tukajua jambo ni zito.

AYOUB: Shikamooni.

TAMIM: Marahaba. Umeharibu nini?

AYOUB: Sijaharibu kitu. Hizi picha za mwani wa khalati yangu Biasha, ndugu yake mama, kule Fumba. Mwani wake unageuka mweupe. Nimeupiga picha kwa hadubini, sasa programu ya kutazamia inalikataa faili. Na mwenyewe yuko njiani anakuja. Kesho bamvua, maji yanatoka mbali. Anataka kujua afunge mbegu ileile kambani au aing'oe yote aitupe.

SHAAME: Libadilishe jina, liite picha ya kawaida.

AYOUB: Nshafanya, Ami Shaame. Hili si picha moja. Ndani mna picha nyingi zimepangwa kama chapati, pamoja na vipimo vyake. Nimepewa pia hii plagini, kijiprogramu cha kuongezea. Kazi yake ni hiyo tu, kufungua mafaili ya hadubini. Nimeitia kwenye folda ya picha, lakini wapi!

TAMIM: Wacha nikwambie. Hiyo mifumo ya rangi haipatani. Hadubini ya Ujerumani, kompyuta imetoka Dubai. Zitajuana wapi?

SHAAME: Rangi gani, yakhe! Hiyo presha. Faili zito, limekwama juu. Mie kila siku naona maji yanavochoka kupanda ghorofani. Iweke chini kompyuta, literemke.

Ayoub akaiweka kompyuta kwenye ngazi ya chini. Tukaitazama. Faili halikuteremka.

TAMIM: Basi chumvi. Mwani wa baharini huo.

AYOUB: Chumvi kwenye faili, Ami Tamim?

TAMIM: Kwani wee ushalionja?

SHAAME: Mie nnavoona, faili lina haya. Limepigwa picha kila pembe, sasa mnataka lifunguke mbele ya wanaume wote hawa. Geukeni!

Tuligeuka. Wallahi tuligeuka, watu wazima na ndevu zetu, tukatazama ukuta wa jirani mpaka Ayoub aliposema halijafunguka bado. Mazin peke yake hakugeuka. Alikuwa anaizungusha kahawa kikombeni.

MAZIN: Hiyo plagini ni mkalimani?

AYOUB: Ndo hivyo. Inaijua lugha ya hadubini, inaieleza programu.

MAZIN: Na umeiweka na picha?

AYOUB: Ndiyo.

MAZIN: Basi umemuacha mkalimani barazani! Mwenye nyumba yuko ndani, hata hana habari kama kuna mtu wa kumtafsiria. Mie nimefanyiwa hayo harusini Mtoni. Wageni wangu wanawake wamekaribishwa ndani, mie nimebakishwa nje na wanaume. Kule ndani wametazamana mpaka biriani limepoa. Mtie ndani, bwana! Ndani ya folda ya programu yenyewe.

Ayoub akaifunga programu, akaihamisha plagini, akafungua tena. Picha ikatoka. Vijumba vidogovidogo vimepangana, na katikati yake vidoa vyeusi. Baraza likalipuka.

TAMIM: Mnaziona rangi? Nilisema mimi!

SHAAME: Si baada ya kuiteremsha?

Tulikuwa bado tunapongezana alipotokea Bi Biasha, ncha ya kanga imerowa, mkononi kapu la mbegu. Tukampisha akae.

BIASHA: Ndo mwani wangu huo?

AYOUB: Ndo wenyewe, khalati. Umefunguka!

BIASHA: Maashaallah. Mzima au mgonjwa?

Ayoub akamtazama Tamim, Tamim akamtazama Shaame. Kazi ya Ayoub maabara ni kukata vipande na kuvipiga picha. Msomaji wa picha yuko masomoni ng'ambo.

BIASHA: Hivyo vidoa ndo maradhi, au ndo mwani ulivyo?

Mazin akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi niliona haya, maana na mimi nilikuwa nimeshangilia. Bi Biasha akatoa kapuni kipande cha mwani mweupe, akakiweka juu ya baraza kando ya kompyuta.

BIASHA: Huu ndo unaomsomesha mwanangu Faiza. Alfajiri naingia pwani. Nifunge au ning'oe?

Shaame akanyoosha kikombe kwa Makungu, bila ya kumtazama mtu. Makungu akaliinamisha dele la kahawa mpaka chini.

MAKUNGU: Imekwisha.

Siku nyengine, kahawa ikisha, kila mtu hushika njia yake. Siku ile hakuna aliyethubutu kuinuka.