Bilha Jerotich na Mbwa Aliyekagua Vyumba

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto wa jiko, mwiteni na aliye chumbani. Mimi ni Godlisten, niko studio hapa Silver Spring, Marekani, na leo tunamkumbuka mtu mmoja tu. Jina lake ni Bilha Jerotich. Alikuwa muuguzi jeshini, kisha akawa mhudumu wa wazee kule Laurel. Amefariki akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Najua wengine mmeshaanza kunong'onezana. Amefariki kwa nini? Familia imeniomba niseme waziwazi, nami nasema. Ni moyo. Alianguka kazini asubuhi, akimlisha bibi mmoja uji. Akakimbizwa hospitali, hakurudi. Hakujidhuru. Narudia: hakujidhuru. Kama kuna mtu amekuletea habari nyingine kwenye simu, muulize yeye alikuwa wapi siku hiyo.

Mnanijua. Mimi si wa kuamini haraka. Nikiambiwa pilau imeiva, nafunua sufuria. Na safari hii kilichonitia shaka ni rambirambi zenyewe. Zimekuwa nyingi mno, na tamu mno. "Nguzo ya jamii yetu." "Dada wa wote." Nikajiuliza, hii nguzo gani ambayo kwa mwaka mzima hakuna aliyeialika hata kwa kikombe cha chai? Basi nikavaa koti, nikaenda kuuliza.

Nilianzia Laurel, kwa kaka yake, Peterson Mutai. Bilha alizaliwa Kapsabet, Kenya. Alikuja Maryland kusoma, akajiunga na jeshi la Marekani, akapelekwa Afghanistan. Huko kulitokea jambo moja, na Peterson alinisimulia akiwa amesimama, anaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

"Kulikuwa na zahanati kambini," alisema. "Wakaambiwa rooms zote zimekaguliwa, ingieni tu. Wakaingia. Kumbe nyuma ya mlango mmoja kuna mtu na bunduki. Rafiki yake alikufa hapo hapo, mbele yake. Tangu hiyo siku, ukimwambia Bilha nyumba iko sawa, anakuangalia tu. Haingii."

Na kweli, aliporudi hakuingia popote. Kanisani alibaki ndani ya gari mpaka ibada iishe. Kwa Peterson alisimama kizingitini hadi ugali ukapoa. "Nilidhani anaringa," Peterson aliniambia. "Mke wangu naye alidhani amemkosea."

Ndipo akaja Biskuti.

Biskuti ni mbwa msaidizi. Ni dume, mweusi, kifua cheupe, na huvaa kikoti chekundu. Mbwa wa aina hii hufundishwa kuwasaidia watu wenye kiwewe, waliotoka vitani na raia wa kawaida pia. Mwingine humwamsha mtu anayeota ndoto mbaya. Mwingine humlalia kifuani mtu anapotetemeka. Huyu wa Bilha alifundishwa kukagua vyumba. Wakifika mlangoni, Bilha anasema neno moja: "Kagua." Mbwa anaingia peke yake. Anatazama nyuma ya kila mlango na nyuma ya kila pazia. Akikuta mtu aliyejificha, anabweka mara moja. Asipokuta, anarudi na kuugusa mkono wa Bilha kwa pua. Maana yake chumba kiko sawa, ingia.

"Binadamu wanaweza kuniambia uongo juu ya chumba," Bilha alimwambia kaka yake. "Huyu hawezi."

Akaanza kuingia, wasikilizaji wapendwa. Kanisani, dukani, kwa kaka yake. Alikula ugali wa moto.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Rafiki yake Bilha ni Makena, Mmeru, anakaa ghorofani Riverdale Park, karibu na Route One. Mama yake Makena alifariki huko nyumbani Kenya, watu wakakusanyika kwake kwa matanga, au msiba kama tunavyosema sisi Watanzania. Nyumba ilijaa. Bilha akafika, akasimama mlangoni, akasema, "Kagua." Biskuti akapita katikati ya miguu ya watu. Jikoni. Bafuni. Chumba cha kulala. Na huko chumbani akabweka mara moja.

Nyumba nzima ikageuka. Nyuma ya mlango ule, sakafuni juu ya godoro, alikuwa amelala Isack. Isack ni kijana wetu wa Moshi, fundi rangi, Makena alikuwa amempa pa kulala. Na Isack hakuwa na karatasi za kuishi huku. Mnanielewa.

Bilha akachungulia, akaona ni mtu amelala, akaingia kidogo, akatoka. Akasema, "Sawa, ni mtu amelala." Akaketi, akala, akaimba na wenzake.

Wiki mbili baadaye Isack akakamatwa na watu wa uhamiaji.

Je, ungefikiri nini wewe? Mbwa mwenye kikoti. Mwenye mbwa aliwahi kuwa mwanajeshi wa serikali. Mbwa anapita nyumba yenye watu wengi, anambwekea mmoja tu, na huyo mmoja ndiye anakamatwa. Nilipomuuliza Makena, hakuzunguka.

"Walisema hiyo mbwa ni ya immigration," aliniambia. "Inanusa watu. Mimi nilikataa, nikasema huyo ni Bilha wetu. Wakaniambia, Makena, kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nina watoto, Godlisten. Nikaogopa. Tukamtoa kwa group ya WhatsApp bila kumwambia kitu."

Nimemtafuta aliyeanza uvumi huo. Kila mtu aliambiwa na mwingine. Mmoja akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Lisemwalo lipo." Nikamuuliza, kama lipo, nani aliliona? Akakumbuka kwamba ameacha gari mahali pabaya.

Mwingine akaja na hadithi mpya. Eti walimtenga kwa heshima ya Waislamu, kwa kuwa mbwa ni najisi. Hiyo nayo nikaitilia shaka. Nikaenda kwa Bi Rukia wa Tanga, jirani yake Bilha, mtu wa swala tano.

"Wasinisingizie mimi," Bi Rukia alisema. "Mbwa simgusi, nina udhu wangu, na Bilha alilijua hilo. Nikigonga, anamfungia chumbani kwanza, kisha ananifungulia. Nikampelekea sambusa Ramadhani nzima. Nilimuuliza, mwanangu, wenzio wako wapi? Akasema, mama, labda wamechoka na mimi."

Labda wamechoka na mimi. Hakujua kosa lake. Mwaka mzima hakujua.

Na mtu wa kumaliza ubishi alikuwepo! Isack mwenyewe alikuwa anapiga simu kutoka kizuizini. Anaongea na Makena kila wiki. Kwa nini hakuna aliyemuuliza? Kwa sababu simu za kule zinasikilizwa. Waliogopa wakimtaja mbwa, watu wa uhamiaji watajua kwamba siri yao imegunduliwa. Kwa hiyo walimuuliza habari za chakula na baridi, na yule mbwa wakamnyamazia. Hofu ile ile iliyomshtaki Bilha ndiyo iliyomzuia shahidi wake kusema.

Kisha hakimu akamwachia Isack asubiri kesi yake akiwa nje. Akarudi Riverdale Park, wakampikia. Mara hii wakamuuliza ana kwa ana, sauti chini: je, ni yule mbwa?

"Mbwa yupi?" Isack akasema. "Yule wa dada aliyenifunika blanketi? Mimi nilikamatwa barabarani, dada Makena. Taa ya nyuma ya gari imekufa, polisi wakanisimamisha, yakaanzia hapo. Yule dada aliniomba radhi kwa kuniamsha, akaniona natetemeka, akatoa blanketi kitandani akanifunika. Yuko wapi, nimshukuru?"

Wahenga walisema mdhaniwa ndiye kumbe siye. Tunaisema sana methali hiyo. Huwa tunaisema baadaye.

Makena akaenda kwa Bilha kesho yake. Akagonga. Bilha akafungua kidogo, mnyororo haukutoka. Hakutabasamu. Kisha akatoa mnyororo, akamtuma Biskuti nje akakague korido, ngazi, na nyuma ya Makena. Makena akasimama pale kizingitini, anakaguliwa. Biskuti akarudi, akaugusa mkono wa Bilha.

"Haya, ingia," Bilha akasema.

Makena akamweleza yote, analia. Bilha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mlidhani ananusa nini?"

"Karatasi."

"Makena. Karatasi inanuka?"

Wakacheka, kisha wakalia, kisha chai ikachemka ikamwagika. Jumamosi mbili zilizofuata Bilha alikwenda kwa Makena, akaketi na watu wake. Jumamosi mbili tu. Ya tatu hakufika.

Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Tunamkumbuka Bilha Jerotich, amefariki kwa ugonjwa wa moyo, na mwili wake utasafirishwa kwenda Kapsabet wiki hii.

Jana tulimuaga katika ukumbi wa kanisa, Riverdale Park. Watu walijaa hadi nje. Peterson alimleta Biskuti akiwa na kikoti chake, lakini mbwa akagoma mlangoni. Akakaa. Peterson akamvuta, akakataa. Ukumbi ukageuka kama siku ile ya matanga. Makena akainuka kwenye kiti chake. Akasema, "Kagua."

Mbwa akaingia. Akapita safu kwa safu. Akina mama ambao wakati wa uvumi waliinua miguu na kukumbatia mikoba wakimwona, safari hii walitulia akapita. Alipomaliza, mikono ikanyooshwa kutoka kila upande, kila mtu anataka mkono wake uguswe. Niliitazama mikono ile. Mingi ndiyo iliyobonyeza simu kumtoa Bilha kwenye kundi. Biskuti hakuigusa hata mmoja. Akaenda mbele, kwenye jeneza, akaligusa ubavuni kwa pua.

Chumba kiko sawa, ingia.

Peterson, Bi Rukia, Makena, na ndugu wote wa Kapsabet, poleni sana. Kwetu Moshi, kwenu Bonde la Ufa, msiba ni mmoja. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Na wewe unayenisikiliza, kabla ya kulala leo, fungua simu yako. Mtazame uliyemtoa, uliyeacha kumpigia, uliyeambiwa habari zake na mtu aliyeambiwa na mtu. Nenda kagonge kwake, na akikuacha nje kidogo, vumilia.

Biskuti alimwambia Bilha kwamba hakuna aliyejificha mle ukumbini. Mimi nilikuwepo, na bado nina shaka.