Godana Dukicha na Kuku wa Hewani

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bw. Godana Dukicha atavua koti jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia maabara yetu ya mifugo hapa Garsen kwa miaka thelathini na mmoja. Sisi sote tulimkuta hapa.

Alizaliwa katika familia ya wafugaji wa Kiorma, ambako mali ilikuwa ng'ombe na kuku hakuwa hata chakula. Alipopangiwa kitengo cha kuku, shemeji yake Bonaya alimuuliza mbele ya watu kama ng'ombe wameisha nchini. Godana alijibu kwamba wapo, ila hawatagi. Mpaka leo Bonaya akipiga simu ofisini huuliza, "Yule mchunga kuku yupo?"

Kazi yake kubwa ilikuwa kuisaka salmonela, bakteria ya kuku inayowaharisha watu. Kipimo cha kingamwili huonyesha kwamba mwili wa kuku umewahi kupambana nayo. Kipimo cha vinasaba huitafuta bakteria yenyewe. Kwa wanafunzi alisema kimoja huona nyayo za fisi, kingine humwona fisi.

Tofauti hiyo iliwaokoa kuku wa kijiji cha Hewani. Mwanzoni mwa mwaka jana watu waliugua baada ya harusi, na lawama ikawaangukia kuku wa kikundi cha akina mama kinachoongozwa na Bi. Pauline. Damu ya karibu kila kuku ilikuwa na kingamwili. Amri ya kuwaua na kuwafukia wote ilikuwa njiani. Godana akaomba isubiri, kwa sababu kuku hao walikuwa wamechanjwa dhidi ya homa ya matumbo ya kuku, inayoletwa na aina nyingine ya salmonela, na chanjo hiyo huweza kuacha kingamwili zilezile. Tukapima kinyesi, maji na chakula chao kwa mashine ya vinasaba, tukarudia. Hapakuwa na salmonela. Tuliipata katika mabaki ya kuku wa barafu walioletwa kutoka mbali kujazia sufuria za harusi.

Amri ikafutwa, lakini sokoni Garsen hakuna aliyenunua. Akina mama walirudi na matenga yao yakiwa yamejaa. Siku moja Bi. Pauline akamwambia Godana mbele ya soko zima, "Daktari, karatasi yako tumeiona. Sasa kula tukuone."

Tulijua kwamba hajawahi kula kuku maishani. Alimtazama yule mama, kisha akavua saa. Alimchinja jogoo mwenyewe, akangoja aive barabara, akala paja lote huku Bonaya akipiga kelele, "Wallahi, huyu tumempoteza!" Kisayansi mlo ule haukuthibitisha kitu, maana moto huua bakteria. Watu walitaka tu kuona kama mwenye majibu anayaamini. Kabla ya alasiri matenga yalikuwa matupu. Ladha, alikiri baadaye, hakuipenda hata kidogo.

Tangu siku hiyo, hapa kwetu hakuna anayetia saini majibu kabla ya kujiuliza kama yeye mwenyewe angekula. Hakuna aliyetuagiza tufanye hivyo.

Mzee Godana, ahsante. Nenda nyumbani Chewele ukapumzike na mkeo, mama Darmi, na ng'ombe wenu. Mvua ije kwa wakati, maziwa yajae, wajukuu wakuzunguke, na asitokee tena mtu wa kukulazimisha kula kuku.