Seni Budeba na Kanda Iliyozimwa Mapema

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguzeni kidogo moto jikoni, waiteni na walioko uani, maana tunayemkumbuka leo hakupenda kuzungumza na watu wachache.

Leo ni arobaini ya kijana Seni Budeba. Seni Budeba wa Rujewa, mtoto wa mfugaji. Amefariki akiwa na umri wa miaka ishirini. Hakuugua. Aliuawa kwa fimbo, kando ya mfereji wa mpunga, mchana, jua likiwaka.

Marehemu alikuwa na makosa mengi madogo. Tutayataja kwa heshima yanayostahili.

Seni alizaliwa Usukuma. Alifika bonde la Usangu akiwa mdogo, nyuma ya ng'ombe wa baba yake, Mzee Budeba. Akasoma, akafaulu, akapelekwa sekondari ya bweni Iringa. Huko ndiko alikoongoza mazishi ya maharage.

Ilikuwa hivi. Wanafunzi walikuwa wamekula maharage yenye wadudu muhula mzima. Jumapili moja Seni alijifunga shuka jeusi, akaweka sahani ya maharage juu ya ubao, akaita wabebaji wanne. Msafara ukatoka bwalo la chakula hadi bustani ya mkuu wa shule, watu wakiimba taratibu. Seni akasimama juu ya shimo, akasema kwa sauti nzito: "Marehemu Maharage ameacha wajane wengi na wadudu wasiohesabika. Walioishi ndani yake wamepoteza nyumba." Mkuu wa shule alikuwa amesimama nyuma yake. Seni alichimba mashimo ya choo hadi muhula ukaisha.

Waliobeba ubao ule ndio waliokuja kuwa wenzake. Danieli, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Rujewa, Msangu na Mlutheri. Ambrosi wa Kilolo, Mhehe na Mkatoliki. Wengine wawili walikuja kubeba tu kwa sababu waliahidiwa nyama.

Bwenini walibishana kila siku. Nani ana haki ya maji, mwenye ng'ombe au mwenye mpunga? Kuhamia vijiji vipya kumeleta nini? Padri na mchungaji, nani anahubiri kwa kirefu zaidi? Shule ilipokwisha mwaka jana, kila mmoja akarudi kwao. Huko kila mtu alikutana na watu wa kwao tu, wenye mawazo ya kwao tu. Ambrosi anasema: "Nilikosa mtu wa kunipinga. Nikawa mjinga haraka sana."

Basi Seni akaanzisha kitu. Wakakiita Baraza la Kanda.

Lilikuwa kanda ya kaseti tu, wasikilizaji. Seni anasema maneno yake, anampa Danieli. Danieli anajibu, anaituma Iringa kwa lori la mchele. Kutoka Iringa inapanda basi la Kilolo hadi kwa Ambrosi. Kisha inarudi. Vijana wengine wakaingia, hata Atuganile, binti wa Mbeya aliyekuwa akisomea uuguzi, ambaye aliwaambia wavulana wote kwamba wanaongea kama wazee wenye gesi tumboni. Hakuna chama kilichowatuma. Hakuna kanisa lililowalipia betri. Betri zikichoka walizianika juani.

Baraza lilikuwa na sheria tatu. Ya kwanza: usifute sauti ya mwenzako. Ya pili: sisi sote ni watani, hata kama babu zetu hawakutaniana, matusi ruksa, kinyongo marufuku. Ya tatu, na hii ndiyo tunaomba muishike, ya tatu: usijibu kabla hujasikiliza hadi mwisho.

Usijibu kabla hujasikiliza hadi mwisho.

Sasa, mwezi wa tano mwaka huu, mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Dume moja la Mzee Budeba likavuka mfereji, likala sehemu ya shamba la Eliezeri, kaka yake Danieli. Haikuwa mara ya kwanza. Maneno yakawa makali. Wafugaji wakatembea kwa makundi. Wakulima nao wakatembea kwa makundi. Seni na Danieli hawakuweza kuonekana pamoja tena. Zikabaki kanda.

Seni alitaka jambo moja: baba yake akubali kuhamisha njia ya ng'ombe kabla mtu hajaumizwa. Dada yake, Kalista, anakumbuka: "Alimfuata baba zizini kutwa nzima. Baba akamwambia, 'Wewe mwana, umesomeshwa na ng'ombe hawa, leo unawashitaki?' Seni akajibu, 'Baba, nawatetea. Wakikatwa mapanga nitakuwa yatima.' Baba akacheka. Baba akicheka, ujue amekubali."

Siku hiyohiyo Seni akarekodi. Na kwa kuwa alikuwa Seni, hakuanza na habari njema. Alianza na utani.

Alisema hivi: "Danieli, mtani wangu, nyie Wasangu ni watumishi wema. Mnatulimia majani, mnayamwagilia, mnayapalilia. Kazi ya ng'ombe wetu ni kuja kula. Lile dume la baba limeonja shamba la kaka yako. Linasema chumvi ilipungua."

Danieli aliisikia akiwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwa redio kaseti ya Eliezeri. Alicheka hadi akashika mbavu. Hapo akaitwa mazoezi ya kwaya. Akazima. Akairudisha kanda nyuma ili aianze upya jioni, akaiacha ndani ya redio, akaenda kuimba.

Yeye mwenyewe hakusikiliza hadi mwisho.

Eliezeri akaja na wenzake, akabonyeza kitufe, akidhani ni nyimbo za kwaya. Wakasikia sauti ya Seni. Wakasikia habari ya watumishi. Wakasikia habari ya chumvi. Eliezeri akaipiga redio kofi ikazimika. Mwenye mashine anasema waliinuka wote. Walichukua tu fimbo.

Seni alikuwa mferejini, peke yake, akiwarudisha ng'ombe upande wa juu. Mama mmoja aliyekuwa akifukuza ndege shambani alimsikia akiwaita wale waliokuja: "Karibuni, watani! Leo mmekuja kudai chumvi?"

Alidhani ujumbe umefika wote, wasikilizaji. Alidhani wamekuja kwa furaha.

Kesho yake, katika ofisi ya kijiji, kanda ile ilipigwa mbele ya watu. Safari hii haikuzimwa. Baada ya utani Seni anakohoa, kisha anasema:

"Haya, utani kando. Baba amekubali. Kuanzia sasa ng'ombe watapita njia ya juu, mbali na mfereji. Na kwa mpunga ulioliwa, kaka yako aje zizini achague mtamba anayempenda. Mwambie Eliezeri, ila mwambie polepole. Asije akafa kwa furaha nikalaumiwa mimi."

Wanaume wazima waliangalia miguu yao. Eliezeri hakuwepo, alikuwa mikononi mwa polisi.

Seni alizikwa alasiri hiyohiyo. Danieli alikuja peke yake. Kalista alipomwona alipiga kelele: "Aondoke! Ndugu yake ametuulia mtu!" Danieli hakuondoka. Alikimbia akapita katikati ya watu, akaruka ndani ya kaburi lililo wazi, akalala chali, kama watani wanavyozuia maziko kimila.

"Seni!" akaita. "Umezoea kuingia mashamba ya watu bila hodi. Na hili ni letu. Huingii. Huingii hapa mpaka unijibu."

Vijana wa kifugaji wakanyanyua fimbo. Mzee Budeba akanyanyua mkono.

"Mwacheni," alisema. "Aseme hadi mwisho."

Watu wakangoja. Danieli akafungua mdomo, halafu akashindwa, akafunika uso kwa mikono yenye udongo.

"Umemaliza, mwanangu?" Mzee akauliza.

"Bado, baba."

"Basi endelea. Tunasikiliza."

Wakasimama hivyo, wafugaji na wakulima, jua likishuka, wakimsikiliza mtu ambaye hakuwa na maneno. Alipotulia, Mzee Budeba mwenyewe ndiye aliyempa mkono kumtoa.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mzee Budeba. Tunampa pole Kalista, ambaye mpaka leo hajaweza kuisikia kanda ile. Tunawapa pole Ambrosi na Atuganile. Na tunampa pole mama yake Danieli, ambaye ana mwana mmoja gerezani na mwingine asiyeimba tena.

Kanda hiyo ina nafasi upande wa pili. Kwa sheria ya Baraza, zamu ni ya Danieli. Ambrosi amemwandikia kwamba hakuna haraka, wenzake wanangoja.

Nanyi mliotusikiliza leo: kuna mtu mliyemzima katikati. Jirani, mkwe, ndugu mliyegombana naye mpakani mwa shamba. Mrudieni kesho asubuhi, mkae chini, mumwache amalize.

Na wanafunzi wa bweni, mtakapochambua maharage jioni hii, wadudu wale watoeni taratibu, kwa heshima zote. Wana msiba wao pia.