Mama Lita na Mfuko Aliokataa Kuutundika

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Lita anavua glavu kwa mara ya mwisho. Jina lake halisi limo kwenye faili la utumishi. Sisi wa chumba cha upasuaji tulishalisahau, na hata ukimwita kwa jina hilo hageuki.

Alianza kwa kufagia korido. Mwaka wa tano akahamishiwa chumba namba mbili, wanakofanyiwa upasuaji wazee wenye tezi dume iliyovimba. Kazi yake ilikuwa kutundika mifuko ya maji yanayosafisha kibofu wakati daktari anakwangua tezi, kisha kumwaga maji yanayorudi. Mwingine angemwaga tu. Yeye alichora mistari kwenye ndoo kwa rangi ya kucha ya binti yake, akawa anapima kila lita. Tulimcheka mpaka basi, na jina likamganda.

Alasiri moja, mezani alikuwepo fundi seremala mstaafu. Alikuwa macho, ganzi ya mgongoni imemshika kiunoni kushuka chini, akitusimulia milango aliyowahi kutengeneza. Mimi ninayeandika haya nilikuwa mtoa dawa ya usingizi mwenye miezi mitatu kazini, nimekodolea macho mashine ya presha. Ilisoma 130. Ikapanda 150, kisha 175, huku mapigo ya moyo yakipungua. Nikajidanganya kwamba mzee ana woga tu.

Daktari bingwa akaagiza mfuko mwingine. Mama Lita akaukumbatia.

“Dokta, zimeingia lita kumi na nane, zimerudi kumi na tano. Hizo tatu ziko wapi? Huu siutundiki.”

Hakuna mhudumu aliyewahi kumjibu bingwa yule hivyo. Tulishusha macho, tukisubiri radi. Badala yake tukamsikia fundi akiuliza, “Jamani, mbona mmezima taa?”

Taa zote zilikuwa zinawaka.

Maji yalikuwa yameingia kwenye damu yake, yakamtia kiza machoni. Bingwa aliziba mishipa iliyokuwa ikivuja, akatoa vyombo, akasitisha upasuaji. Nilimpa mzee oksijeni na dawa ya kutoa maji mwilini. Presha ikaporomoka hadi 80, nasi tukaipandisha hatua kwa hatua, jasho likitutiririka. Kufikia jioni fundi alikuwa anaona vizuri na analalamika kwamba chai haina sukari. Bingwa alimfuata Mama Lita kwenye sinki, akamwomba radhi mbele yetu sote.

Kesho yake ubao ulipigiliwa ukutani: maji yaliyoingia, maji yaliyorudi, na presha, kila dakika tano. Upo hadi leo. Umetuonya mapema mara nyingi, na wahudumu sita aliowafundisha wanaujaza bila kukumbushwa.

Jumanne iliyopita aliyelala mezani alikuwa kaka mkubwa wa bingwa yuleyule. Kabla ya kugusa chombo chochote, bingwa aliuliza jambo moja tu: kama Mama Lita yupo. Alikuwepo. Presha haikutikisika mwanzo hadi mwisho.

Asante, Mama Lita, kwa kutufundisha kuhesabu, na kwa kukataa pale tulipokuwa tunakosea. Nenda kapumzike na baba watoto, ulale hadi usingizi wenyewe ukuchoke. Afya, furaha na miaka mingi vikufuate nyumbani.